Mrija mfupi, utumbo mrefu: kisa cha Reagan, Julai 1985

Kila ninapopangiwa kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi habari za kukatwa sehemu ya utumbo mpana, huwa naanza na mgonjwa ambaye hajawahi kulala wodini kwetu. Faili lake halina siri. Lilianikwa hadharani kama nguo kambani: tarehe, saa, ukubwa wa uvimbe, vyeo vya madaktari, mpaka mchoro wa matumbo yake ukapita kwenye magazeti na televisheni. Mgonjwa ni Ronald Reagan, rais wa 40 wa Marekani. Alikuwa na miaka 74 alipolazwa Hospitali ya Jeshi la Majini ya Bethesda, jimbo la Maryland, Ijumaa ya tarehe 12 Julai 1985, akijua anakwenda kuondolewa kinyama kidogo kisha arudi zake. Alitoka tarehe 20, akiwa amepungukiwa na karibu sentimita 60 za utumbo.

Wanafunzi wakisikia upasuaji wa rais, mawazo yao hukimbilia thieta. Wanataka kujua nani alishika kisu, alikata wapi, alishona kwa uzi gani. Mimi huwarudisha nyuma. Kisu kilifanya kazi yake vizuri, na kwa muda usiofika saa tatu. Kisa chenyewe kiko kwenye mrija wa kuchungulia utumbo, na kwenye miezi 14 iliyopita kabla mtu hajausukuma mrija huo hadi mwisho wa njia.

Mlango na chumba cha ndani

Weka kiganja chako chini ya tumbo upande wa kulia, juu kidogo ya kinena. Hapo ndipo utumbo mwembamba unapomwagia uchafu wake kwenye utumbo mpana, ndani ya kifuko kiitwacho sekamu, chenye kidole tumbo kinachoning'inia chini yake. Kutoka hapo utumbo mpana unapanda hadi chini ya mbavu, unakata kona karibu na ini, unavuka tumbo kwenda kushoto, unakata kona nyingine karibu na bandama, unashuka, unajikunja mithili ya herufi S, ndipo unaingia kwenye puru na kutokea nje. Kwa mtu mzima njia yote hiyo ni kama mita moja na nusu.

Anayechunguza huingilia mlango wa kutokea. Kwa hiyo mwanzo wa utumbo mpana, yaani ile sekamu, kwake ndiyo mwisho wa safari. Mrija mfupi, ule ambao hata ukiwa wa kujikunja hauzidi sana sentimita 60, unaishia upande wa kushoto. Uvimbe ukiwa kulia hautaonekana, hata anayetazama awe na macho ya mwewe. Ni kama mtu aliyeingia sebuleni, akaona pamefagiwa, akatoka nje na kutangaza kwamba nyumba nzima ni safi.

Upande wa kulia nao una tabia mbaya ya kunyamaza. Choo kikiwa huko bado ni uji, na chumba chenyewe ni kipana, kwa hiyo uvimbe unaweza kunenepa kwa miaka bila kuziba kitu. Kinachotoka ni damu kidogo kidogo, na ikishasafiri mita nzima ndani ya choo haionekani tena kwa macho. Mwenye uvimbe wa kushoto huja hospitali analalamika: choo kimefunga, kimekuwa chembamba, kina damu nyekundu. Wa kulia husema tu kwamba siku hizi anachoka, na akipimwa damu inakutwa imepungua. Wengi wao huishia kupewa vidonge vya kuongeza damu na kurudishwa nyumbani. Reagan hakuonekana hata mchovu. Huyu alikuwa mzee wa kupanda farasi na kupasua kuni shambani kwake California, na picha za kazi hiyo zilisambazwa makusudi ili watu waone rais wao ana nguvu.

Miezi kumi na minne

Mei 1984, katika uchunguzi wa kawaida wa afya, mrija mfupi ulikuta kinyama kidogo sehemu ya chini ya utumbo wake mpana. Kinyama cha namna hii madaktari hukiita polipu. Kilipimwa, hakikuwa na saratani. Jambo likaishia hapo.

Hapa ndipo ninapowasimamisha wanafunzi na kuwauliza: ninyi mngefanya nini? Kwa kawaida wanajibu kwamba hakuna saratani, kwa hiyo mgonjwa aende. Jibu hilo lina akili ndani yake, lakini linakiangalia kinyama peke yake na kumsahau mwenye utumbo. Polipu ni kama uyoga. Ukiona mmoja shambani, hutosheki na huo mmoja, unajua udongo wa hapo unaotesha uyoga. Utumbo uliootesha polipu moja kushoto una uwezo wa kuotesha nyingine popote, na njia pekee ya kujua ni kutembea njia nzima. Mrija mrefu, kolonoskopi, ulikuwa umeshazoeleka katika hospitali za Marekani kufikia miaka hiyo. Tena mgonjwa huyu hakuwa mtu wa kupanga foleni tangu alfajiri akishikilia kadi yake mkononi.

Machi 1985 mrija mfupi ulipita tena, ukakuta kinyama kingine. Safari hii kulikuwa na jambo la ziada: baadhi ya sampuli za choo zilionyesha chembechembe za damu. Akabadilishiwa chakula kwa muda, choo kikapimwa upya, damu haikuonekana. Mimi jibu hilo halinitulizi hata kidogo. Uvimbe wa utumbo hautoki damu kila siku kama bomba linalovuja, leo unatoka, kesho umekauka, na kipimo cha leo hakiwezi kufuta kilichoonekana jana. Ndiyo maana siku hizi kanuni ya wataalamu iko wazi: choo kikishaonyesha damu mara moja, hatua inayofuata ni kolonoskopi. Kurudia kipimo mpaka kitoe jibu linalopendeza si uchunguzi.

Ikapangwa kwamba kinyama cha pili kiondolewe na utumbo wote utazamwe. Lini? Mei kulikuwa na ziara ya Ulaya. Juni ndege ya shirika la TWA ilitekwa na kupelekwa Beirut, mateka wakakaa huko zaidi ya wiki mbili. Ikafika Julai. Sitaki kumsingizia mtu kwamba siasa ndiyo iliyochelewesha kipimo, maana kazi za rais haziishi na madaktari wa jeshi wanamhudumia mtu ambaye pia ni amiri jeshi wao mkuu. Jaribu wewe kumwambia mkuu wako ashushe suruali mara ya tatu ndani ya miezi 14. Cheo kikubwa kinaweza kumpatia mgonjwa huduma mbovu kuliko ya mtu wa kawaida, kwa sababu kila anayemsogelea anapima maneno yake mara mbili. Nimeliona hilo hata kwa wakubwa wa kwetu wanaolazwa vyumba vya peke yao. Nesi anaogopa kuwaamsha apime presha.

Halafu kuna habari ya kaka yake. Neil Reagan, mkubwa wake kwa kuzaliwa, naye alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana siku chache tu kabla ya Ronald kulazwa. Ndugu wa tumbo moja, ugonjwa mmoja, mwezi mmoja. Ukimhoji mgonjwa wa utumbo bila kuuliza habari za baba, mama, kaka na dada zake, umefanya nusu ya mahojiano.

Ijumaa, kisha Jumamosi

Ijumaa ile kinyama kidogo kiliondolewa bila shida, kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mrija na kukata kwa umeme. Kisha madaktari wakaendelea kusukuma mrija mrefu: kona ya bandama, katikati, kona ya ini, kushuka upande wa kulia. Kwenye sekamu wakakuta uvimbe wa kama sentimita tano, ukubwa wa yai la kuku au karibu na hapo. Ulikuwa wa ile aina ambayo uso wake una vijimanyoya kama zulia, na katika jamii yote ya polipu hiyo ndiyo yenye sifa mbaya zaidi ya kugeuka saratani, hasa ukubwa ukishapita sentimita mbili. Kitanzi cha waya hakifai kwa kitu kama hicho, kwa sababu hakina kishingo, kimekaa kwenye ukuta kama ukoga kwenye mtungi. Ukilazimisha unatoboa utumbo. Kuchukua vipande vidogo tu vya kupima nako hakutoshi, maana saratani inaweza kuwa imejificha kwenye kona ambayo kipande hakikutoka. Hapo ni kukata sehemu nzima ya utumbo.

Alipewa nafasi ya kuchagua: asubuhi inayofuata, au aende nyumbani arudi baada ya muda. Alichagua kesho yake, na sababu yake kubwa kila mgonjwa wetu anaielewa. Alikuwa ameshamaliza adha ya kusafisha tumbo. Ambaye hajawahi kunywa dawa ile hawezi kujua uzito wa sababu hiyo. Unashinda kwa maji na juisi isiyo na nyama za tunda, jioni unaanza dawa, bilauri baada ya bilauri, na kufikia usiku wa manane huna haja ya kuondoka chooni kwa sababu utarudi tu. Mgonjwa mmoja aliniambia, "Sista, hata niliyokula Idi iliyopita yametoka." Kinachotakiwa ni maji ya rangi ya chai ya rangi iliyopauka, unayoweza kuona hadi chini ya sinki. Reagan alikuwa ameshafika hapo, na hakuna mwenye akili timamu anayependa kufika hapo mara mbili.

Uchaguzi huo ulikuwa na faida nyingine kwa daktari wa upasuaji: utumbo uliokwisha safishwa. Nitarudi kwenye hilo.

Kabla ya dawa ya usingizi palikuwa na karatasi ya kutia saini, na hii haikuwa fomu yetu ya kawaida ya kukubali upasuaji. Saa nne na dakika 32 asubuhi ya Jumamosi Reagan alitia saini barua za kumkabidhi madaraka makamu wake, George Bush, kwa wakati atakaokuwa hajitambui. Barua ilisema anakijua kifungu cha 3 cha Marekebisho ya 25 ya Katiba, kile kinachomruhusu rais kumkabidhi makamu madaraka kwa muda, ila haamini kwamba walioandika kifungu hicho walikikusudia kwa vipindi vifupi kama hiki. Yaani alikitumia huku akisema hakitumii. Wanasheria wanabishana mpaka leo. Kwa sisi wa wodini kilicho muhimu ni kwamba jambo lilipangwa kabla, mgonjwa akiwa na akili zake. Miaka minne nyuma, tarehe 30 Machi 1981, Reagan huyohuyo alipigwa risasi na kukimbizwa thieta bila karatasi yoyote kusainiwa, na serikali ilihangaika kwa saa kadhaa kujua nani anashika usukani.

Madaraka yalihama saa tano na dakika 28, dawa ya usingizi ilipoanza. Yalirudi saa moja na dakika 22 usiku, baada ya wasaidizi wake kumpa barua fupi ya kuyarudisha na kumwangalia kama anaisoma na kuielewa. Yalikaa kwa makamu muda wa karibu saa nane. Sijui kipimo kingine cha mgonjwa aliyetoka kwenye usingizi wa dawa kilichowahi kubeba uzito huo. Sisi huwauliza tu jina lao na siku ya leo.

Walichokata

Timu iliongozwa na Dale Oller, mkuu wa upasuaji pale Bethesda, na ndani ya chumba alikuwepo pia Steven Rosenberg, mkuu wa upasuaji wa Taasisi ya Taifa ya Saratani. Tumbo lilifunguliwa kwa mpasuo. Upasuaji wa utumbo mpana kwa matundu madogo na kamera ulikuja kuandikwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1990 ilipoanza.

Kilichoondolewa kinaitwa nusu ya kulia ya utumbo mpana: sekamu, kidole tumbo chake, sehemu inayopanda, na kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Wanafunzi huuliza kwa nini uvimbe wa sentimita tano umlipishe mtu sentimita 60. Jibu liko kwenye mishipa. Utumbo haukai wazi tumboni, umening'inizwa kwenye utando mwembamba wenye mafuta, na ndani ya utando huo zinapita mishipa ya damu pamoja na mifereji ya limfu yenye vitezi vyake. Saratani ikitaka kuhama hufuata njia hizo. Kwa hiyo daktari hakati uvimbe, anakata eneo lote linalolishwa na mshipa uleule pamoja na utando wake, kama mkulima anayeng'oa muhogo na shina lake badala ya kuvunja kipande kinachoonekana juu ya udongo. Ukishafunga mshipa, utumbo uliokuwa ukilishwa nao hauwezi kuishi, hata ungetaka kuubakiza. Vitezi vinavyotoka na utando ndivyo vitakavyomwambia mtaalamu wa maabara kama ugonjwa umeanza safari.

Kisha ncha ya utumbo mwembamba inaunganishwa na utumbo mpana uliobaki katikati. Basi. Mgonjwa anaamka na njia yake ya kawaida ya haja.

Na hapa ndipo kiti cha darasani huanza kulia, maana wanafunzi wameshaona wodini watu wenye mfuko wa choo tumboni na wanadhani kila aliyekatwa utumbo mpana lazima abebe mfuko. Lazima niwatofautishie. Huku kwetu Afrika Mashariki mgonjwa wa kukatwa utumbo mpana mara nyingi hakuja kwa polipu. Amekuja usiku, tumbo limevimba kama ngoma, hajapata choo wala upepo kwa siku tatu, ametoka kijijini kwa gari la mkaa. Ile sehemu yenye umbo la S imejisokota kwenye shina lake, damu haipiti, na pengine imeshageuka nyeusi. Utumbo umejaa, umeoza, mgonjwa ana sumu mwilini na presha imeshuka. Ukiunganisha hapohapo ncha mbili za utumbo wa namna hiyo, kiungo kina kila sababu ya kuachia. Kwa hiyo daktari anakata kilichooza, anafunga ncha ya chini, anaitoa ncha ya juu ubavuni kushoto, na kumwachia mgonjwa mfuko mpaka apate nguvu, miezi kadhaa mbele. Mbinu hiyo ina jina la Henri Hartmann, Mfaransa aliyeieleza mwaka 1921.

Mke wa mgonjwa mmoja alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, baba watoto atakaa na hii kitu mpaka lini? Kitandani tutalalaje?" Swali lake lilikuwa bora kuliko yote niliyoulizwa na madaktari wanafunzi mwezi ule. Nilimwambia ukweli: wengi hurudishiwa njia yao, wengine hawarudi kwa sababu ya nauli au kwa sababu wamezoea, na kitandani kuna namna ya kuugeuza mfuko na kuufunga kwa kitambaa. Alicheka. Mume alirudi baada ya miezi mitano kuunganishwa.

Reagan aliepuka yote hayo kwa sababu tatu zilizokaa pamoja: utumbo uliosafishwa, upasuaji uliopangwa mchana badala ya dharura ya usiku, na kiungo cha upande wa kulia, ambapo utumbo mwembamba wenye damu nyingi hushika vizuri. Umbali kati yake na yule baba wa gari la mkaa hautokani na ufundi wa daktari pekee.

Jumatatu

Majibu ya maabara yalitangazwa Jumatatu tarehe 15 Julai. Rosenberg alisimama mbele ya waandishi akasema waziwazi kwamba rais ana saratani. Saratani ilikutwa ndani ya ule uvimbe na ilikuwa imeingia kwenye tabaka la msuli la ukuta wa utumbo. Vitezi vilikuwa safi, na hakukuwa na dalili kwamba imefika kwenye ini au kwingineko. Wakati ule walitumia sana madaraja yaliyoanzishwa miaka ya 1930 na Cuthbert Dukes wa London, na hii ikaitwa Dukes B, yaani imeingia ukutani lakini haijafika kwenye vitezi. Hakupewa dawa za kuua saratani wala mionzi. Kukatwa ndiko kulikuwa tiba yote.

Tarehe hiyohiyo Nairobi, kwenye jumba la mikutano la Kenyatta, ulifunguliwa mkutano wa dunia wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Kiongozi wa ujumbe wa Marekani alikuwa Maureen Reagan, binti wa mgonjwa wetu. Kila nikifika kwenye sehemu hii huwa namfikiria yeye, mbali na kwao, amezungukwa na wajumbe wa dunia nzima, habari za tumbo la baba yake zikisomwa redioni kabla ya habari za mkutano. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kusikia kabla ya redio. Kwa familia ile haki hiyo ilikuwa ngumu kuitunza.

Huku Bethesda mgonjwa alikuwa anafanya kazi ambayo haimheshimu mtu yeyote, kusubiri upepo. Baada ya utumbo kukatwa na kuunganishwa, unazira kwa siku kadhaa, haujongei. Mpira wa puani unatoa maji ya tumboni, dripu inalisha, na kila nesi anayepita anauliza swali lilelile: umeshapitisha hewa? Wazee wa kwetu huona aibu kulijibu mbele ya wakwe. Nimeshapata majibu ya kila aina, kuanzia kutikisa kichwa hadi mzee mmoja aliyenyoosha kidole gumba kutoka kitanda cha mwisho, wodi nzima ikapiga makofi. Ushuzi wa kwanza ndio barua ya utumbo kwamba barabara imefunguka.

Kinachotazamwa katika siku hizo ni kiungo. Kikivuja, mara nyingi huvuja ndani ya wiki ya kwanza, na dalili zake huanza kwa unyenyekevu: mapigo ya moyo yanapanda bila sababu, homa ndogo, mgonjwa aliyekuwa akiongea jana leo amegeukia ukutani. Nesi mwenye macho huliona hilo kabla ya kipimo. Cha Reagan hakikuvuja.

Kuna jambo moja la pembeni. Reagan akiwa bado amelala hospitalini, mshauri wake wa usalama, Robert McFarlane, alikwenda kuzungumza naye habari za Iran, mazungumzo ambayo mwaka uliofuata yalizaa kashfa kubwa ya kuuza silaha. Siwezi kusema usingizi wa dawa na maumivu vilichangia kitu. Ila mgonjwa wa miaka 74, siku chache baada ya kufunguliwa tumbo, kwenye wodi yangu haruhusiwi hata kuletewa mgogoro wa shamba.

Lawama na simu

Walipoulizwa kwa nini utumbo wote haukutazamwa mwaka 1984, madaktari walikuwa na la kujibu: kinyama cha kwanza hakikuwa na saratani, mgonjwa hakuwa na dalili, damu ilionekana kisha haikuonekana. Kila jibu likisimama peke yake lina mantiki. Ukiyapanga kwa mstari, kinyama, kinyama cha pili, damu, umri uliopita 70, na baadaye kaka mgonjwa, unaona njia iliyokuwa ikielekea kwenye sekamu tangu mwanzo. Uvimbe wa sentimita tano hauoti ndani ya miezi 14. Polipu huchukua miaka, mara nyingi kumi na zaidi, kutoka kijikipele hadi saratani. Kwa hiyo nina hakika kwamba Mei 1984 ulikuwepo pale chini kulia, mdogo kidogo kuliko ulivyokutwa, na pengine bado hauna saratani ndani yake. Hiyo pengine ndiyo inayoniuma kama mwalimu. Labda angekatwa utumbo hata hivyo. Labda asingekuwa na jina la saratani kwenye faili.

Wamarekani wa kawaida walikielewa kisa haraka kuliko wanasiasa. Simu kwenye huduma ya habari ya Taasisi ya Taifa ya Saratani zilifurika, na watu waliomba kupimwa kwa wingi kwa miezi kadhaa. Neno utumbo mpana, ambalo watu walikuwa wakilitamka wakiangalia chini, likawa la mezani. Leo Marekani inashauri watu wasio na dalili waanze kupimwa wakiwa na miaka 45, na wenye ndugu wa karibu aliyeugua waanze mapema zaidi. Wanafunzi wangu huuliza huku kwetu itawezekanaje, mrija mrefu uko hospitali chache za miji mikubwa na bei yake si ya mchezo. Huwajibu kwamba kuuliza historia ya familia ni bure, kumwuliza mgonjwa rangi ya choo chake ni bure, na mtu mzima aliyepungukiwa damu bila sababu asipewe vidonge vya chuma kabla hujamuuliza hayo mawili.

Reagan alimaliza muhula wake Januari 1989. Saratani ya utumbo haikurudi. Alifariki Juni 2004 akiwa na miaka 93, kwa nimonia, baada ya miaka mingi ya ugonjwa wa kusahau. Maureen, aliyeongoza ujumbe Nairobi, alimtangulia: alifariki mwaka 2001 kwa saratani ya ngozi.

Wodini huwa namalizia na Januari 1986, miezi sita baada ya upasuaji. Mgonjwa alirudi Bethesda, akanywa tena ile dawa aliyoikimbia Julai, akalala ubavu wa kushoto. Wakakuta vinyama vitatu vidogo, wakaviondoa, hakuna kilichokuwa na saratani. Safari hii hakuna aliyetumia mrija mfupi.